Maua ya Shaba

1. Kilima kisicho na miti

Mtu akitoka Kolwezi na kushika njia ya kwenda Likasi, hupita katika msitu wa miombo. Miti imesimama kuume na kushoto. Kisha, mbele kidogo, huona kilima kilicho wazi. Hakina miti. Kina mawe, nyasi fupi na maua madogo tu.

Mgeni hudhani ya kuwa watu wameikata miti ya hapo ili kuchoma makala. Lakini sivyo. Tangu zamani za kale miti haikuweza kukua mahali hapo. Kilima hicho ni kilima cha shaba.

Kila mmea wahitaji shaba kidogo katika udongo ili uwe na afya. Lakini shaba ikizidi, huwa sumu. Ni kama chumvi katika sombe: chumvi kidogo huleta ladha nzuri, bali mama akimwaga kikombe kizima chunguni, hakuna awezaye kula. Katika udongo wa kawaida, kilo moja ya udongo haina hata sehemu moja ya kumi ya gramu ya shaba. Katika kilima cha shaba, kilo moja ya udongo yaweza kuwa na gramu 10, na penginepo zaidi. Mbegu ya mti wa miombo ikianguka hapo, mizizi yake huungua na mche hufa.

Vilima vya namna hiyo vyapata 160 na zaidi. Vimepangana kama upinde kutoka Kolwezi, kupita Fungurume na Likasi, hata Lubumbashi na kuendelea. Urefu wa upinde huo ni kilometa 300 hivi. Basi, kila kilima ni kama kisiwa. Kisiwa cha ziwani kimezungukwa na maji. Kilima cha shaba kimezungukwa na msitu.

Je, kisiwa hicho ni jangwa? Hasha. Wataalamu wa mimea wamehesabu katika vilima hivyo vyote aina za mimea zipatazo mamia. Tena aina nyingine hazionekani mahali pengine popote duniani.

2. Watu wa kale waliyoyajua

Watu wa kale wa nchi hii walikitambua kilima cha shaba kwa macho. Waliona kwamba hakina miti. Waliona mawe ya kijani, ambayo leo huitwa malakiti. Walichimba mawe hayo, wakayayeyusha katika tanuru za udongo kwa moto wa makala, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao na mali ya ndoa. Wataalamu waliochimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na maziwa ya mto Lualaba, katika miaka ya 1957 na 1958, walikuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na wafu.

Kuna mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense. Hutoka katika jamaa moja na mrehani na kivumbasi. Wapimaji wa madini waliupa jina la ua la shaba, kwa sababu hupenda kuota penye shaba nyingi. Ua hilo liliwasaidia pia wataalamu wa mambo ya kale. Tanuru za wazee zilipoachwa, vipande vya shaba vilibaki udongoni, na ua la shaba likaota juu yake. Wataalamu waliona maua, wakachimba, wakakuta tanuru.

Basi, mmea mdogo uliweza kuwaonyesha watu kitu kilichofichwa chini ya ardhi. Lakini uliwasaidia wale tu walioweza kuutambua kati ya mimea mingine. Mtu aonaye majani tu, haambiwi neno na majani.

3. Jinsi viumbe vinavyopangwa

Mama auzaye vitu sokoni hachanganyi samaki na sabuni. Huweka unga mahali pake, samaki mahali pake, mboga mahali pake. Mnunuzi hupata upesi akitakacho. Viumbe vyenye uhai ni vingi kuliko vitu vya soko lote. Wataalamu wamekwisha kuvipa majina zaidi ya milioni moja na nusu, na vingine vingi bado havina jina. Wasipovipanga, hakuna atakayeweza kuvijua.

Lakini kupanga viumbe si kuangalia sura ya nje tu. Hupangwa kwa udugu wao. Tazameni mifano mitatu.

Popo huruka angani kama ndege. Hata hivyo hana manyoya ya ndege wala hatagi mayai. Ana nywele mwilini, huzaa, na hunyonyesha mtoto wake. Basi, popo si ndege. Ni ndugu wa wanyama wanyonyeshao, kama mbuzi na ng'ombe.

Okapi hukaa katika msitu mkubwa wa kaskazini-mashariki ya Kongo. Watu wa msitu wa Ituri walimjua tangu zamani. Miguu yake ina milia kama ya punda milia. Vipande vya ngozi yake vilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja alimweka katika jamaa ya farasi na punda milia. Kisha katika mwaka huohuo wa 1901 yakafika mafuvu ya kichwa. Wataalamu waliyachunguza mafuvu na meno, wakaona kwamba okapi ni ndugu wa twiga. Milia iliwadanganya, mifupa ilisema kweli.

Uyoga huota ardhini, hauna miguu, hautembei. Wengi husema ni mmea. Lakini mmea wenye majani ya kijani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nao uyoga hauwezi. Hupata chakula chake katika miti iliyooza, au kwa viumbe vingine. Kwa hiyo uyoga si mmea, wala si mnyama. Una ufalme wake peke yake.

Ufalme ndilo kundi kubwa. Kuna ufalme wa wanyama, ufalme wa mimea, ufalme wa uyoga, na makundi mengine ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya ufalme mna makundi madogo zaidi, na ndani ya hayo mengine madogo tena. Baada ya mengine huja familia, halafu jenasi, na mwishoni spishi. Spishi ni aina moja ya kiumbe: viumbe vya spishi moja hufanana na huzaana wao kwa wao. Jenasi ni spishi kadha zilizo ndugu wa karibu. Familia ni jenasi kadha zenye asili moja.

Mtu aliyeweka kawaida ya kuvipa viumbe majina mawili mawili alikuwa Mswidi, jina lake Carl Linnaeus. Kitabu chake cha mimea kilitoka mwaka 1753. Mwaka 1758 alitoa kitabu cha wanyama kwa mpango huohuo. Jina la kwanza ni la jenasi, nalo huanza na herufi kubwa. Jina la pili ni la spishi. Ni kama mtoto aliye na jina la ukoo na jina lake mwenyewe: jina moja lamwonyesha katika jamaa yake, la pili lamtofautisha na ndugu zake.

Majina hayo huandikwa kwa namna ya Kilatini. Kwa nini? Kwa sababu mmea mmoja una majina mengi. Katika Kolwezi na pande zake watu husema Kisanga, Kilunda, Kiluba, Kicokwe na Kiswahili, na kila lugha yaweza kuwa na jina lake. Majina hayo ya wazee ni hazina, yafaa kuhifadhiwa. Lakini mtaalamu wa Lubumbashi akitaka kumwandikia mwenzake wa Nairobi au wa Japani habari za mmea, sharti watumie jina moja, wasije wakakosana.

Huu ni mfano wa mmea wa vilima vya shaba:

Ufalme: mimea
Familia: jamaa ya maharagwe
Jenasi: Crotalaria
Spishi: Crotalaria cobalticola

Crotalaria ni mimea yenye maganda kama ya maharagwe. Yakikauka, mbegu hulia ndani yake kama kayamba. Jina lake latoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya chombo cha kuliza. Nalo neno cobalticola maana yake ni "akaaye penye kobalti". Kobalti ni madini yakaayo pamoja na shaba katika nchi ya Kolwezi. Basi, jina lenyewe ni somo. Mmea mwingine huitwa Acalypha cupricola, yaani "akaaye penye shaba". Mwingine huitwa Ascolepis metallorum, yaani "wa madini".

4. Wingi wa aina ni mali

Wingi wa aina za viumbe mahali pamoja huitwa bioanuwai. Kwa nini bioanuwai ni mali? Kwa sababu viumbe hutegemeana kama kuti zilizosukwa katika kikapu kimoja.

Tazameni msitu wa miombo. Katika majira ya mvua watoto na mama zao huenda msituni kuokota uyoga. Uyoga mwingi wauotao chini ya miombo hauwezi kuishi bila miti hiyo. Nyuzi zake nyembamba hushikana na mizizi chini ya ardhi. Uyoga huusaidia mti kupata maji na chumvi za udongo. Mti huupa uyoga chakula. Vinkubala nao, wale funza wanaoliwa na watu, hula majani ya miti ya msitu. Kila aina ina miti yake iipendayo. Basi, mtu akikata msitu wote na kuchoma makala, hapotezi miti peke yake. Amepoteza uyoga, na vinkubala, na maua ya nyuki.

Tazameni na kichuguu kikubwa, ambacho katika nchi hii chaweza kufika kimo cha mita 8. Mchwa wa humo hawawezi kumeng'enya miti mikavu wao wenyewe. Hulima uyoga ndani ya kichuguu, nao uyoga huwalainishia chakula. Mvua ikinyesha, uyoga huo hutokeza nje, na watu huuchuma na kuula. Mchwa ni wa ufalme wa wanyama, uyoga una ufalme wake, kuni ni za ufalme wa mimea. Hata hivyo wote ni watu wa nyumba moja.

Nao mmea wa kilima cha shaba wamfaa nini mtu? Habari ya Lubumbashi yatoa jibu.

Mwaka 1911 tanuru kubwa za kuyeyusha shaba zilianza kazi Lubumbashi. Kwa miaka mingi moshi wake ulipelekwa na upepo upande mmoja wa mji. Moshi huo ulikuwa na vumbi la shaba na madini mengine. Miti ya upande huo ikafa. Ardhi ikabaki uchi. Upepo ukachukua vumbi mpaka katika nyumba za watu, mvua ikachukua udongo mpaka mitoni. Mahali pamoja palipoharibika hivyo ni Penga Penga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitaka kuifunika ardhi hiyo. Lakini ni mmea gani utakaokubali kuota katika sumu? Walijaribu nyasi za nchi hii hii. Moja yake ni nyasi fupi iitwayo Microchloa altera, ambayo imezoea shaba. Waliipanda, wakatia chokaa na mboji udongoni. Habari za jaribio hilo zilitolewa mwaka 2010. Nyasi hiyo haiondoi shaba katika ardhi. Huishika ardhi kwa mizizi yake, vumbi lisiruke na udongo usichukuliwe na maji.

Zamani mtu aliyeikanyaga nyasi hiyo hakudhani kwamba ina faida. Faida yake ilijulikana siku ilipohitajiwa. Kama ingalikuwa imekwisha kutoweka, wataalamu wangalikosa cha kupanda.

5. Hatari iliyopo

Dunia yahitaji shaba kwa nyaya za umeme, na kobalti kwa betri za simu na za magari. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu iliyo kubwa hutoka katika nchi hii ya Lualaba. Kazi ya machimbo hulisha jamaa nyingi. Mji wenyewe wa Kolwezi ulijengwa kwa ajili ya machimbo.

Lakini mahali palipo na shaba ndipo palipo na maua ya shaba. Kilima kikichimbwa, hugeuka kuwa shimo. Mnyama aweza kukimbia, ua haliwezi. Mbegu zake zikipeperushwa na upepo, huangukia msituni, ambako mimea mingine iliyozoea shaba haistawi.

Wataalamu wametoa hesabu mwaka 2010. Walikuta spishi 32 za mimea zinazoishi katika udongo wa shaba wa Kongo peke yake. Kati ya hizo na nyingine zilizo karibu kama hizo, zaidi ya nusu zilikuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Chache zilidhaniwa kuwa zimekwisha kutoweka kwa sababu hazikuonekana tena. Nyumba ikibomoka, watu huijenga tena. Spishi iliyotoweka hairudi, hata kama watu wote wa dunia wangekusanyika kuitafuta.

6. Kazi ya kuzilinda

Watu hawakukaa kimya. Profesa Paul Duvigneaud wa Ubelgiji aliandika habari za mimea hiyo tangu mwaka 1958. Baadaye Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alizunguka vilima kwa miguu na kuorodhesha mimea yake pamoja na wenzake na wanafunzi wake. Bila orodha hizo hakuna ambaye angejua kilichopotea wala kilichobaki.

Fungurume, kabla ya kuchimba vilima kadha, wataalamu walikusanya mbegu. Tena udongo wenye mimea yake ulikatwa na kuhamishwa mahali pengine palipotengenezwa. Mbegu nyingine zimewekwa katika ghala la bustani ya mimea ya Meise, huko Ubelgiji. Mbegu hukaushwa vizuri, kisha huwekwa katika baridi kali, zipate kukaa miaka mingi bila kufa.

Kazi hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mbegu ya ghalani haina nyuki wa kuitembelea wala mvua ya kuinywesha. Mkulima mwenye busara huweka mbegu ghalani, lakini hauzi shamba. Vivyo hivyo yafaa vilima vingine viachwe kama vilivyo, ili maua yaishi mahali pake. Vilima vipi viachwe, hilo ni shauri la wakubwa na la wenye machimbo. Hawataweza kuchagua vema ikiwa hakuna awezaye kuwaambia ni mimea gani iliyo juu ya kila kilima.

Wataalamu wa kesho watatoka katika watoto wa leo. Nao hawana haja ya kungoja chuo kikuu ili waanze. Kazi hii yaweza kufanywa karibu na shule: chukua kamba ya mita 4, fanya nayo mraba juu ya nyasi, kila upande mita 1. Hesabu ni aina ngapi za mimea zilizomo. Usiing'oe. Chora jani la kila aina, na uandike kama ni pana au jembamba, kama lina nywele au ni laini. Jioni waulize mama au babu majina yake, uyaandike pembeni. Lakini mtoto asiende kamwe kufanya kazi hiyo katika mashimo ya machimbo wala katika udongo uliotupwa kutoka machimboni, kwa maana kingo huporomoka, na vumbi lake lina sumu.

Mtoto aliyefanya hivyo mara kumi atashangaa. Nyasi alizozikanyaga kila siku, akidhani ni kitu kimoja, ataziona kuwa ni jamaa nyingi, kila moja na jina lake.

Maneno

bioanuwai: wingi wa aina za viumbe vyenye uhai.
jenasi: kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu.
kobalti: madini yakaayo pamoja na shaba.
malakiti: jiwe la kijani lenye shaba.
mboji: majani na takataka zilizooza, hurutubisha udongo.
spishi: aina moja ya kiumbe.

Maswali

1. Kwa nini miti ya miombo haioti juu ya kilima cha shaba?
2. Ua la shaba liliwasaidiaje wataalamu kuziona tanuru za kale?
3. Popo huruka. Kwa nini basi hahesabiwi kuwa ndege?
4. Okapi ni ndugu wa mnyama gani? Wataalamu walijuaje?
5. Eleza maana ya jina Crotalaria cobalticola.
6. Mchwa na uyoga husaidianaje katika kichuguu?
7. Microchloa altera hufanya kazi gani katika ardhi iliyoharibika?
8. Mbegu zimekwisha kuwekwa ghalani. Je, vilima vyote vyaweza sasa kuchimbwa? Toa sababu zako.